Nikiuza P2 natenda dhambi? Jibu kwa dada wa duka la dawa, Umoja

Swali

Habari Daktari. Nina diploma ya famasia na nafanya kazi katika duka la dawa mtaani Umoja, Nairobi. Mimi ni Mkatoliki, tena katibu wa jumuiya yetu. Jumamosi moja usiku, karibu saa tatu, nilikuwa nimeshafunga mlango nahudumia watu kupitia dirisha la vyuma. Akaja msichana wa miaka ishirini hivi akaniomba P2, tembe za dharura za kuzuia mimba, kwa sauti ya chini. Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa jumuiya alikuwa ametuambia kwamba anayeuza tembe hizo ni sawa na anayetoa mimba. Nikamwambia zimeisha. Zilikuwepo, pakiti nne, kwenye rafu nyuma yangu. Aliondoka bila kusema neno, na tangu siku hiyo silali vizuri. Tajiri wangu ni Muislamu wa Eastleigh. Nilipomweleza alisema kwake P2 si haramu, ila nimuulize mteja kwanza kama ameolewa. Sasa sijui nimsikilize nani. Je, tembe hizi zinatoa mimba? Dini zinasema nini hasa? Nikiendelea kuuza natenda dhambi? Na nimwambie paroko?

Jibu

Dada,

Ungeweza kuniandikia tu kwamba hukumuuzia. Ukataja pakiti nne zilizokuwa nyuma yako, na hapo nikajua unauliza kwa moyo. Nitajibu kwa urefu, maana maswali yako yamesukwa pamoja kama mkeka: huwezi kuvuta ukindu mmoja na mwingine ukabaki palepale.

Ujue kwanza unaongea na nani. Mimi ni mfamasia, na kwa miaka mingi nimefundisha maadili ya tiba kwa wauguzi na wafamasia hapa Nairobi. Ni Mwanglikana, mke wa mtu, mama wa wasichana wawili. Si mtawa wala shehe. Pale nitakapotoa maoni yangu nitakwambia ni yangu.

Nitaanza na dawa kabla ya dini. Karibu kila hukumu ya kidini niliyowahi kuisoma kuhusu P2 imejengwa juu ya swali moja la kisayansi, yaani inafanyaje kazi mwilini, na jibu la swali hilo limekuwa wazi zaidi baada ya baadhi ya hukumu hizo kutolewa.

Ndani ya pakiti ya Postinor-2 mna livonojestreli, homoni inayotumika pia katika tembe nyingi za kila siku za kupanga uzazi, ila hapa kipimo ni kikubwa: miligramu 1.5 kwa jumla, tembe mbili za 0.75. Zamani tuliwaambia wanawake wameze moja sasa na nyingine baada ya saa 12. Siku hizi zote mbili humezwa kwa pamoja. Kazi yake ni kuzuia au kuchelewesha yai lisitoke. Siku moja hivi kabla yai halijatoka kwenye kifuko chake, ubongo hupandisha kwa ghafla homoni iitwayo LH, na huo ndio mlio wa kengele unaoliamuru yai litoke. P2 ikimezwa kabla kengele haijaanza kulia, mlio unazimwa au unasogezwa mbele. Mbegu za kiume, ambazo huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zinangoja yai lisilokuja, na mwisho zinakufa.

Je, ikimezwa baada ya kengele kulia? Haina la kufanya. Na hapa ndipo penye ushahidi ninaotaka uushike vizuri. Watafiti waliwafuatilia wanawake waliomeza dawa hii baada ya yai kuwa limeshatoka, wakakuta kwamba walipata mimba kwa kiwango kile kile ambacho kingetarajiwa kama hawangemeza chochote. Fikiria maana yake. Kama P2 ingekuwa na uwezo wa kulizuia yai lililorutubishwa lisijishike kwenye ukuta wa mji wa mimba, wanawake hao ndio wangeokolewa na uwezo huo. Hawakuokolewa. Na mimba ikishashika, P2 haiitoi wala haimdhuru mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo bila kigugumizi. Dawa za kutoa mimba ni nyingine, mifepristoni na misoprostoli, na wewe mwenye diploma unajua hazikai rafu moja na P2.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Mwenyekiti wako, hata hivyo, hakulizua neno lake. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha tembe ya namna hii, maelezo ya pakiti yalisema kwamba huenda pia ikazuia yai lililorutubishwa lisijishike. Ilikuwa dhana, iliandikwa kwa tahadhari, lakini karatasi ya dawa watu huisoma kama msahafu. Oktoba 2000 Taasisi ya Kipapa ya Uhai kule Vatikani ikatoa tamko kwamba tembe ya "siku ya pili" ni sawa na utoaji mimba kwa sababu hiyo hasa, na ikawataka wahudumu wa afya waikatae. Mamlaka ya Marekani iliondoa sentensi ile Desemba 2022, ikisema wazi kwamba ushahidi hauiungi mkono. Lakini neno likishafika jumuiyani halirudi kirahisi. Mimi mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, niliwasomea wateja karatasi ile neno kwa neno, na sijui ni wangapi walioiacha dawa kwenye kaunta na kuondoka kwa sababu yangu.

Nisikufiche: ipo njia moja ya dharura ambayo swali la mwenyekiti bado liko hai. Koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, kuliko tembe yoyote. Kazi yake kubwa ni kuzidhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai, lakini yai likiwa limesharutubishwa, inawezekana koili ikalizuia lisijishike. Mkatoliki anayesita mbele ya koili ana mahali pa kusimama. Kuhusu P2, pale aliposimama mwenyekiti wako pamemomonyoka.

Sasa Kanisa lako. Shtaka la kuua likiondoka, linabaki la pili, nalo si dogo. Papa Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae wa Julai 1968, alikataza kila tendo linalokusudia kuzuia uzazi katika tendo la ndoa. P2 inazuia uzazi. Kwa Wakatoliki wawili waliooana, wanaotaka kuishi kwa mafundisho ya Kanisa lao, P2 haina ruhusa, na sitajifanya mwanatheolojia kukutafutia upenyo pasipokuwepo.

Lakini angalia waraka ule unazungumza na nani: na wenzi wa ndoa, kuhusu tendo walilolichagua. Mwanamke aliyebakwa hakuchagua tendo lolote. Swali hilo liliwafika wanatheolojia likitokea kwa jirani zetu. Vurugu za Kongo zilipozuka baada ya uhuru wa 1960, watawa wa kike walikuwa katika hatari ya kubakwa, na mwaka 1961 wanatheolojia watatu wa Roma waliandika kutetea kwamba wangeweza kutumia tembe za kuzuia mimba. Hoja yao ilikuwa rahisi, hata bibi yangu asiyejua kusoma angeielewa: kama mwanamke ana haki ya kumsukuma mshambulizi, ana haki ya kuzisukuma pia mbegu zake. Papa Fransisko aliitaja habari ya watawa hao Februari 2016 akiwa ndani ya ndege akitoka Meksiko. Maaskofu wa Marekani wameliandika wazo hilo katika miongozo yao ya hospitali za Kikatoliki: aliyebakwa aweza kujikinga na mimba kwa dawa inayozuia yai kutoka au kurutubishwa, ikiwa vipimo havionyeshi kwamba mimba imeshatungwa. Maaskofu wa Ujerumani walifika hapo hapo Februari 2013 katika mkutano wao mjini Trier, baada ya fedheha ya mwanamke kukataliwa na hospitali mbili za Kikatoliki za Cologne.

Yule msichana wa Jumamosi, je, alibakwa? Hujui, na mimi sijui. Hakusema, na mara nyingi hawasemi, hasa kupitia dirisha la vyuma, saa tatu usiku, nyuma yake wamepanga foleni wanaume wawili wanaotaka dawa ya mafua. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ukishakubali kwamba hujui, hata kwa sheria za Kanisa lako mwenyewe huwezi tena kusema kwa uhakika kwamba kumpa ilikuwa dhambi. Ungeweza kuwa unamkabidhi kile ambacho maaskofu wa Ujerumani wangemkabidhi.

Na kama hakubakwa? Kama alitoka kwa mpenzi wake na kondomu ilipasuka? Hapo ndipo penye swali lako la tatu, kuhusu mkono wako wewe. Mafundisho ya Kikatoliki yana hekima kubwa hapa, na nasikitika kwamba jumuiyani haifundishwi. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, msimamizi wa waungamishi, alitofautisha katika karne ya 18 kati ya mtu anayeshiriki nia mbaya ya mwenzake na mtu anayesaidia tendo huku nia yake iko kwingine. Wa kwanza ana hatia kila mara. Wa pili anapimwa: alikuwa karibu kiasi gani na tendo, alikuwa na sababu nzito kiasi gani, angeweza kukataa bila madhara? Mwenye kaunta ya dawa kwa kawaida yumo katika kundi hili la pili. Wanatheolojia watabishana uzito wa sababu zako. Wapo watakaosema kazi, mshahara na mgonjwa aliye mbele yako vinatosha. Wapo watakaosema havitoshi, nao wana mtu mkubwa wa kumtaja: Oktoba 2007 Papa Benedikto XVI aliwaambia wafamasia wa Kikatoliki kwamba wana haki ya kukataa kwa dhamiri kutoa dawa zenye malengo yasiyo ya kimaadili. Ukiamua hutauza, kwa hiyo, Kanisa halitakulaumu. Ila hakuna niliyewahi kumsoma, papa wala mtawa, aliyesema ukatae kwa kudanganya. Umeniuliza kuhusu amri ya tano na ya sita. Kuna ya nane pia, ya kusema uongo.

Nije kwa tajiri wako. Anaposema P2 si haramu ana msingi imara. Katika Hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Sahaba Jabir anasema walikuwa wakifanya azli, yaani mwanamume kumwaga nje, zama za Mtume huku Qur'ani ikiteremshwa. Kama ingekuwa haramu wangekatazwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba azli hailingani na kutoa mimba wala kumzika mtoto hai, kwa sababu hayo mawili yanakidhuru kilichokwishakuwepo, na azli inazuia ambacho bado hakijawepo. Soma tena jinsi P2 inavyofanya kazi, uone jinsi mgawanyo huo wa miaka 900 unavyoikaa vizuri. Maulamaa wengi wa leo huzipima dawa za kuzuia mimba kwa kipimo cha azli: ziwe hazidhuru, zisiwe za kufunga uzazi moja kwa moja, na mke na mume wawe wameridhiana. Mjadala wao wa siku 120, wakati roho inapopulizwa, na wa Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Maliki, wanaokataza tangu mbegu inapotulia tumboni, unahusu mimba iliyokwishatungwa. P2 haifiki huko.

Pale anapokuambia umuulize mteja kama ameolewa, nadhani anaitegemea aya ya Suratul Maida isemayo tusaidiane katika wema wala tusisaidiane katika dhambi. Naelewa wasiwasi wake: zinaa kwake ni dhambi kubwa, na hataki faida yake itokane nayo. Lakini dhambi hiyo, kama ipo, ilikwishatendeka kabla ya msichana kufika dirishani. Huwezi kuisaidia leo zinaa ya jana. Suratul Hujurat nayo inakataza dhana na upelelezi baina ya watu, na Mtume ameahidi kwamba amsitiriye Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama. Sitara ni neno letu kabisa, la Pwani hadi hapa. Sioni jinsi ya kuisimamisha sitara kando ya mhudumu anayeuliza "umeolewa?" huku foleni ikisikiliza. Hayo ni maoni yangu, na mimi si mwanachuoni. Akitaka fatwa, Msikiti wa Jamia hauko mbali na Eastleigh. Ukiacha dini kando, swali lenyewe halifai kitu. Kila atakayeulizwa atajibu ndiyo. Na mke aliyelazimishwa na mumewe atajibu ndiyo kwa ukweli mtupu na bado usijue kilichompata.

Nitakuwa mwepesi kwa upande wetu Waprotestanti, kwa kuwa hukuuliza. Mkutano wa Lambeth, wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, ule wa 1920, uliwaonya Waanglikana dhidi ya njia za kuzuia mimba. Ule wa 1930 ukaziruhusu ndani ya ndoa, penye sababu nzito ya kimaadili. Makanisa mengine yakafuata njia zao. Kwa Wapentekoste wa Nairobi hakuna askofu mmoja wa kuwasemea wote, kila mchungaji na kipaza sauti chake, kwa hiyo utasikia kila kitu kuanzia "ni hekima" hadi "ni damu".

Kuna hoja moja inayowaunganisha padri, shehe na mchungaji, nayo ni kwamba P2 inawafungulia vijana mlango wa uasherati. Nimeifikiria sana kwa sababu ya wasichana wangu. Uchambuzi wa 2007 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti za wanawake waliopewa tembe hizi mapema, wakae nazo nyumbani, ulikuta hawakuongeza mienendo ya hatari kuliko wenzao. Ulikuta pia jambo lisilotupendeza sisi wa afya: kuzigawa mapema hakukupunguza mimba kwa ujumla. Mmoja mmoja dawa inasaidia, lakini haijabadilisha hesabu ya jamii. Wanaoiogopa wanaikuza kupita kiasi, na wanaoisifu vilevile. Na kila nikiisikia hoja hii nashangaa kwamba inamsema msichana peke yake. Wewe wa kaunta unajua wanaume wangapi huja Jumatatu asubuhi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, wakinong'ona "uko na P2?" Sijasikia mahubiri juu yao.

Sheria ya nchi inakulinda wewe na yeye kwa pamoja. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na unakumbuka joto la kura ya maoni ya Agosti mwaka huo juu ya kifungu hicho. Hakiigusi P2, kwa kuwa dawa hii inafanya kazi kabla ya mimba kutungwa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kwa hiyo tajiri wako hawezi kukushika mkono akakulazimisha uuze. Msichana naye hana deni la kukueleza maisha yake.

Mizani iko hapa, dada, na ndilo jambo ninalotaka ubaki nalo hata ukisahau mapapa na maimamu niliowataja. Dhamiri ni yako, lakini saa ni zake. P2 inafaa zaidi ikimezwa mapema, ndani ya saa 72. Hadi saa 120 inaweza kusaidia bado, ila nguvu yake inapungua. Kila saa inayopita, kengele ile ya LH inaweza kulia. Dhamiri yako inaweza kukuambia usiuze. Haina mamlaka ya kutumia saa za mtu mwingine bila yeye kujua. Ulipomwambia zimeisha, yeye hakujua kwamba amekutana na imani yako. Alidhani amekutana na rafu tupu. Umoja haina uhaba wa maduka ya dawa, na huenda alivuka barabara akaipata. Huenda pia ujasiri aliokuwa nao ulitosha dirisha moja tu.

Kwa hiyo amua mapema, mchana, ukiwa umetulia, kabla hajaja mwingine. Ukiona huwezi kuuza, mwambie tajiri wako leo. Pangeni awepo mwenzako wa kulishughulikia, au mjue duka la karibu lililo wazi usiku, na umwambie mteja kwa adabu, "Mimi siuzi hii, lakini duka lile pale wanayo, wahi." Maduka mengi yanaishi hivyo bila ugomvi. Ukiona hata kumwelekeza ni mzigo, usichukue zamu ya usiku ya peke yako. Nisichoweza kukubaliana nacho ni wewe kuwa mtu pekee nyuma ya vyuma vile, kisha msichana asipate dawa wala ukweli. Ukiniuliza mimi ningefanya nini, ningemuuzia, na ningelala.

Ukiamua kuuza, uza kama mtaalamu. Kusukuma pakiti chini ya dirisha kwa haraka ya kumalizana hakutoshi. Muulize ni saa ngapi zimepita. Muulize kama anatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au dawa za HIV zenye efavirenzi, maana hizo huipunguza nguvu na kipimo hurudufishwa. Kwa mwanamke mwenye uzito mkubwa dawa inaweza kufanya kazi hafifu, naye anastahili kuambiwa kuhusu koili. Akitapika kabla ya saa 2 kupita tangu ameze, arudie. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, apime mimba. Mwambie haimkingi kwa tendo la kesho wala kwa magonjwa ya zinaa. Na mwondolee ile hofu ya mtaani kwamba inaharibu kizazi, haiharibu. Anayeirudia kila wiki hajiui, ila hedhi itamvurugikia na kinga yake ni dhaifu kuliko sindano, koili au tembe za kila siku. Huyo mpeleke kliniki ya kupanga uzazi bila kumkemea.

Kisha mwambie kila mmoja, wote, ili asijione amechaguliwa, sentensi moja: "Kama kuna mtu alikulazimisha, matibabu yapo bure." Hospitali za serikali zina wajibu huo kwa aliyebakwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kenyatta wana huduma hiyo, Nairobi Women's wana kituo chao cha waathiriwa, na simu ya 1195 haitozwi. Aende kabla ya kuoga ikiwezekana, na asingoje polisi kwanza, kwa sababu dawa za kuzuia HIV nazo zina saa zao 72. Akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, P2 ndiyo sehemu ndogo ya jambo. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na usimwache aondoke peke yake.

Swali la mwisho, kuhusu paroko. Mwendee. Ila usimwambie kwamba umekuwa ukiuza dawa za kutoa mimba, kwa sababu hujawahi kuuza hata moja, na ukimpa jina lisilo lake atakupa jibu lisilo lako. Mweleze dawa inavyofanya kazi kama ulivyosomea chuoni. Kama hajui, una diploma na yeye hana, mfundishe. Mwulize waziwazi kuhusu aliyebakwa, na kuhusu mhudumu asiyejua kama mteja wake amebakwa. Halafu mwambie ya Jumamosi ile, pamoja na pakiti nne.